Mke wa Hakimu na Kikombe cha Maziwa

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana mama anasema siku hizi unatengeneza cherehani za watu kutwa nzima umesimama, eti kiti kinazeesha. Sisi ni wazima. Dada yako goti lake limegeuka mtabiri wa hali ya hewa: linatangaza mvua tangu juzi, mvua haijanyesha, na goti halikubali kushindwa. Binti yangu ameng'oka jino la mbele, kila neno linatoka na mluzi. Mama alitaka nikupigie simu. Nikamwambia mjomba kwenye simu husema "haya" mara tatu akakata, kwenye karatasi angalau hulazimika kumaliza mstari.

Nina habari. Tangu mwezi uliopita mimi ndiye msimamizi wa mawaridi hapa bustanini. Ndiyo, meza yako, ile yenye droo isiyofungika. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kile kiti nikawa sijui niweke wapi mikono.

Kazi niliyoanza nayo ni ngumu. Mkurugenzi mpya anataka kujenga tangi la maji upande wa ukuta, na amesoma daftari la mimea. Lina mawaridi mia mbili na kumi na mawili. Anasema theluthi yake ni ua lile lile linalojiita majina tofauti, na kusema kweli hajakosea sana. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba waridi likihama mji hupewa jina jipya, kama mtu aliyekimbia kesi. Tumeshathibitisha kwamba Machozi ya Posta na Jumapili Njema ni kitu kimoja. Halafu yapo yale mengine, yanayofanana kama mapacha na hayana undugu wowote. Nimepewa mpaka mwisho wa Juni nichunguze kila jozi, yanayojirudia yang'olewe.

Jozi inayoninyima raha ni Mke wa Hakimu na Kikombe cha Maziwa. Daftari linasema ni mawili mbalimbali: Mke wa Hakimu ni adimu, halipo bustani nyingine yoyote, na Kikombe cha Maziwa limejaa kila mahali. Kwa hiyo kichaka chenye kibao cha Kikombe cha Maziwa ndicho kitakachong'olewa. Mimi nikiyatazama sioni tofauti. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukiiona. Nakuomba uje siku moja tu uyaangalie. Nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Mpwa wako,
Sisimizi

2 Machi

Mpwa wangu Sisimizi,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimesimama. Mwambie dada yangu goti limerithiwa kwa baba yetu, naye alitabiri mvua miaka thelathini na akapatia mara mbili. Mtoto mpe pole ya jino. Mimi ni mzima, mafuta ya mashine tu ndiyo hayatoki kuchani.

Nakupongeza kwa kazi. Nimefurahi, na sisemi kwa kukupaka mafuta. Ile droo ipige goti upande wa kushoto, inafunga.

Hilo la kuja, hapana. Umesahau kwa nini nilitoka huko? Mtu aliyeshika mawaridi miaka ishirini na mbili, akasimama mbele ya mtaalamu wa chama cha wapenda maua, akakata vijiti vya waridi asilolijua huku akibisha na kibao! Nilirudisha funguo siku ile ile, na nilifanya vizuri. Siku hizi nashughulika na chuma. Cherehani ina namba yake imepigwa ubavuni, haiwi na jina jingine ikihamia mtaa wa pili.

Tena sielewi unaniuliza nini. Vibao si vipo? Soma vibao. Wewe ndiye uliyevipaka rangi, na ulisema mbele ya watu wazima wanne kwamba ulivirudisha kimoja kimoja. Neno lako nililiamini kuliko macho yangu, na mpaka leo naliamini. Ng'oeni kile chenye kibao cha Kikombe cha Maziwa mjenge tangi lenu.

Mjomba wako

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Droo imefunga. Nimeipiga goti mbele ya mkurugenzi, akadhani nina hasira naye.

Huku mvua imenyesha hatimaye na mama anatembea kama aliyeshinda uchaguzi. Binti yangu amepata jino jipya, kubwa kuliko mdomo wake.

Sitaki kukusumbua na safari. Nimekutumia bahasha ndani ya bahasha. Kuna majani na petali zilizokaushwa za mawaridi manane, kila moja na namba yake, hakuna jina. Yachukulie kama mchezo wa kupoteza wakati mteja akichelewa. Niandikie tu namba fulani ni nani. Hata ukikosea yote nane hakuna atakayejua ila mimi na wewe.

Mpwa wako,
Sisimizi

14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilikaa na bahasha yako wiki mbili bila kuifungua. Leo nimeifungua kwa sababu umeme umekatika na cherehani iliyopo mezani ni ya umeme.

Moja ni Shavu la Mpishi, meno ya jani lake yamekunjwa kwa ndani. Mbili ni Jumapili Njema, au Machozi ya Posta, mwite upendavyo ataitika. Tatu ni Mjane Mwekundu. Nne ni lile la mlangoni lisilo na jina, tulilokuwa tukiliita Lile la Mlangoni. Tano na nane ni ua moja, umenitega. Sita na saba najua unataka niseme nini, na sitasema. Hao wawili siwagusi.

Sijui kama nimepatia hayo mengine. Usiniambie.

Kwa kuwa umenichokoza nitakueleza jambo moja ambalo hata dada yangu sikumweleza. Uani kwangu palikuwa na kichaka cha Mke wa Hakimu. Nilikipandikiza mwenyewe kwa kijiti nilichokata bustanini, kwa macho yangu, miaka mitano kabla ya yale mambo. Mkaza mjomba wako alikuwa akinywa chai pembeni yake kila asubuhi. Wiki niliyoacha kazi nilikitazama nikasema, kama sikulijua waridi kule, hili nililijuaje? Nikakichimbua na mizizi yake yote nikakichoma moto. Alisimama mlangoni akanitazama. Baadaye alisema, tena alisema miaka yote: macho yako ni mazima, baba, macho yako hayana kitu. Mwenzangu hayupo sasa, ni mwaka wa pili. Ile nafasi iko tupu bado.

Basi umeme umerudi.

Mjomba wako

3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Leo sina habari nyingine, maana nikianza kuzitafuta sitafika ninakotaka kufika.

Ulipatia yote sita. Ile tano na nane sikukutega, mimi mwenyewe nilidhani ni mawili, nikaenda kuangalia upya na wewe ndiye mkweli. Macho yako hayakuwahi kuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Mwaka ule, wiki ya kupogoa, ulinituma nipake rangi vibao vya upande wa ukuta. Ulinifundisha: toa kimoja, paka, ngoja kikauke, rudisha, ndipo uende kwa kinachofuata. Vilikuwa kumi na vinne na rangi ilichukua saa nzima kukauka. Nilikuwa na miaka ishirini na kulikuwa na mtu ananisubiri langoni. Nikavitoa vyote kwa mpigo, nikavipanga juani kwa mstari, nikasema nitakumbuka. Upepo ukaja ukaangusha viwili. Vile kumi na viwili nina hakika navyo hadi leo. Hivyo viwili nilivirudisha kwa kubahatisha, kimoja kwenye kichaka kilichoegemea ukuta, kingine kwenye kile cha hatua nne mbele yake.

Siku nne baadaye mtaalamu akaja kuomba vijiti vya Mke wa Hakimu. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kichaka cha ukutani bila kutazama kibao, ukakata. Yeye akatazama kibao. Ukasema kibao ndicho kilichokosea. Mkurugenzi wa zamani akaniita, akaniuliza swali moja tu, nami nikajibu, "Nilivirudisha kimoja kimoja, kama mjomba alivyonifundisha." Nilikutaja wewe humo ndani ili uongo ukae vizuri.

Nilidhani utabisha. Nilikuwa nimejiandaa kulia na kukiri ukibisha kidogo tu. Badala yake ulinitazama, ukawageukia, ukasema, "Kama huyu amesema, basi ni macho yangu." Ningesemaje tena baada ya hapo? Najua ningesemaje. Nilikuwa na miaka kumi na minane ya kusema. Nilikuja kwako kila mwisho wa mwaka, nilikula mezani kwako, nilikaa matanga ya mkaza mjomba wangu, na kila mara nilisema nitasema kesho.

Wala sikukuandikia Februari kwa sababu roho ilinisuta. Nilikuandikia kwa sababu niliogopa kung'oa Mke wa Hakimu wa kweli, nikataka uniokoe bila kujua unaniokoa na nini. Hilo nalo nimeona ulijue.

Lile la uani sikulijua. Nimesoma mstari ule mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo.

Mpwa wako

28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu na sikudai.

Nakueleza tu yaliyotokea huku, kwa kuwa ni haki yako kuyajua. Juzi ilikuwa siku ya kusaini karatasi ya kung'oa. Sikusaini. Nilimweleza mkurugenzi mambo ya vibao, yote, pamoja na lile jibu langu la siku ile. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Na mzee wa watu yuko wapi?" Nikasema anatengeneza cherehani. Akafunga daftari.

Ameahirisha tangi mpaka mwisho wa Januari. Usimamizi amempa mwenzangu, mimi nimehamishiwa langoni, nakata tiketi. Si pabaya. Watu wanauliza zaidi choo kiko wapi kuliko wanavyouliza mawaridi.

Mama nilimwambia Jumamosi. Alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua, akamaliza, akaosha mikono, na tangu hapo haongei nami ila kupitia binti yangu: "Muulize mama yako chumvi iko wapi." Nami niko hapo hapo.

Nakuomba msamaha, mjomba. Najua neno ni dogo. Sijapata kubwa zaidi.

Mpwa wako

11 Agosti

Mpwa wangu,

Nimepata barua zote mbili. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imekuwa na urefu wa miaka kumi na minane, mtu angeweza kujenga vibanda njiani.

Nilianza kukujibu mara nne. Ya kwanza niliichana kwa sababu ya matusi. Ya pili niliichana kwa sababu haikuwa na matusi ya kutosha. Kikulacho ki nguoni mwako, hilo nalo niliandika, nikaona nguo yenyewe nilikushonea mimi.

Nifanyie jambo moja. Kata kijiti kimoja kwenye kila kichaka kati ya vile viwili, unene wa penseli, macho manne ya kuchipulia. Kimoja kifunge uzi mweusi, kingine uzi mwekundu. Usiniambie mweusi ni wa wapi. Vifunge kwenye gazeti bichi unitumie haraka. Usiandike chochote ndani.

Mjomba wako

20 Agosti

(Hakuna barua. Gazeti bichi, vijiti viwili, nyuzi mbili.)

25 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Ni ya barua zako mbili, igawanye mwenyewe.

Mimi ni mzima. Jirani yangu muuza vitambaa amefunga duka amehamia kwa mwanawe, sasa mteja asiponikuta hana wa kumuuliza, anaondoka na cherehani yake begani akinilaani. Nimesikia mtoto ameshika nafasi ya tatu darasani. Mwambie babu yake amefurahi, na hao wawili waliomtangulia tutawashughulikia.

Vijiti vyako vyote vilishika. Nilivipanda kwenye makopo mawili ya rangi, hapa dukani. Chenye uzi mweusi nilikiweka nyuma ya mlango, chenye uzi mwekundu dirishani penye jua. Sikuwa na hesabu yoyote kichwani, ndipo palipokuwa na nafasi. Kila asubuhi nilivimwagilia kabla ya kufungua, na sitakuficha, kuna siku nilivimwagilia nikikusema.

Mwezi wa Novemba vikachanua. La nyuma ya mlango lilikuwa na ile rangi ya mashavuni, kidogo tu, kama mke wa hakimu aliyesikia mzaha asiopaswa kuuelewa. La dirishani lilikuwa jeupe kabisa. Mpwa wangu, nilipiga kofi peke yangu humu ndani. Mteja mmoja mama aliyeleta mkanda uliokatika akauliza kama nimeumwa na nyuki. Nikamwambia, uzi mweusi ni Mke wa Hakimu, na macho yangu haya hapa. Akasema anataka mkanda wake.

Desemba nikapaka mlango rangi. Nikayahamisha makopo, nikayarudisha bila kujali lipi lilikuwa wapi, maana nyuzi zipo, sikuwa na haja ya kukumbuka. Yakaja maua ya pili wiki iliyopita. Mwekundu sasa yuko nyuma ya mlango, na ndiye mwenye rangi mashavuni. Mweusi yuko dirishani, mweupe kama maziwa. Nikavuta kiti. Nilihesabu petali. Nilipima majani, nilinusa, nilipekua miiba mmoja mmoja kwa ile lenzi yangu ya kutazamia sindano. Tangu miaka ile ya ujana wangu sijawahi kulitazama waridi hivyo. Hakuna tofauti. Ni ua moja lenye majina mawili, na kile nilichokuwa nikikiona mimi peke yangu kilikuwa kivuli cha ukuta.

Sasa fikiria siku ile. Mimi niliona kibao si cha pale, na kweli hakikuwa cha pale. Mtaalamu alisoma kilichoandikwa, na alikisoma sawasawa. Vijiti nilivyokata vilikuwa vya ua lile lile alilolitaka, na angekwenda kukata kwenye kichaka cha pili angepata hicho hicho. Wewe ungeweza kuvichanganya vile vibao mara mia, hakuna waridi ambalo lingeumia. Kitu kibaya kilikuwa kimoja tu asubuhi ile, nacho ni neno lako, na mimi katika vyote vilivyokuwepo pale nikachagua kuamini hilo.

Mkaza mjomba wako aliniambia mpaka mwaka wake wa mwisho kwamba macho yangu ni mazima. Nilikuwa namfokea. Nilimwambia haelewi mambo ya kazi, nilimwambia ananibembeleza kama mtoto. Mara ya mwisho nilimfokea akiwa mgonjwa kitandani, akageukia upande wa ukuta. Hilo sikutwishi lote, mdomo uliofoka ulikuwa wangu. Lakini sehemu yako ichukue, ni nzito, usijaribu kuigawa na mtu.

Mwambie mkurugenzi ajenge tangi lake. Kichaka kimoja kinatosha, na adimu wetu kumbe amejaa kila bustani. Kwenye daftari waandike majina yote mawili kwenye mstari mmoja, na pembeni waandike ni nani aliyethibitisha. Waandike mimi, na kazi yangu waandike fundi wa cherehani.

Dada yangu mwambie aache kukununia. Haki ya kununa ni yangu na sijamwazima mtu.

Unaniomba msamaha. Nimeutafuta niutume pamoja na barua hii, sijaupata mzima. Asubuhi nikifungua duka nikiyaona yale makopo, hasira sina, hata nakukumbuka ulivyokuwa ukiimba ukipogoa. Jioni nikirudi nyumbani kukaa peke yangu pale uani, ninayo, tena nyingi.

Ukija, njoo asubuhi.

Mjomba wako